Kwanza Liweze Kusimama



Wapendwa Taifa la Mungu, mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wote. Tunatembelea makaburi, tunaandika majina ya wapendwa wetu kwenye bahasha za nia za Misa, tunawasha mishumaa. Katika mwezi huu huu Dominika ya tatu imetengwa pia, kwa azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2005, kuwa siku ya kuwakumbuka watu wote waliopatwa na ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali hizo huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Hatuna haja ya kwenda mbali ili kulisadiki hilo. Hakuna jumuiya ndogo ndogo katika parokia yetu isiyo na nyumba yenye picha ukutani ya mtu aliyeaga asubuhi na asirudi jioni.

Tafakari yetu ya wiki hii haikutoka maktabani. Imetoka katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya mama mmoja mjane, mwanaparokia mwenzetu hapa Arusha, ambako kwa muda wa miaka miwili, Jumamosi alasiri, tumekuwa tukilifufua gari dogo la mbio alilomwachia marehemu mumewe. Mama mwenyewe ameturuhusu kuyaeleza haya. Ameomba tu majina yasitajwe, nasi tutaiheshimu haja yake.

Gari lenyewe

Gari hilo ni Datsun 240Z, la viti viwili, lenye pua ndefu. Wazee wetu wanalifahamu vizuri. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakiandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na yalipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika majira ya Pasaka, hivyo kwa wengi wa umri wao vumbi la magari yale na nyimbo za Ufufuko ni kumbukumbu moja. Mwaka 1971 gari la aina hii lilishika nafasi ya kwanza likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Vijana wengi wa wakati ule, hata wasiokuwa na baiskeli, waliota kuwa na gari hilo.

Marehemu mzee wetu alikuwa mmoja wa vijana hao. Alilinunua lake Nairobi, likiwa limekwisha kutumika, kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa mwaka 1977. Alilitunza kwa mapenzi makubwa. Kisha mtoto wake wa kwanza akafariki dunia, akiwa abiria katika gari la mizigo lililokatika breki kwenye mteremko. Siku ya tatu baada ya mazishi, mzee aliliingiza Datsun chini ya banda karibu na mparachichi, akalifunika turubai, akaliacha. Hakuliendesha tena hadi alipoitwa na Mungu miaka mingi baadaye.

Turubai hilo lilifunuliwa na mtoto wake wa mwisho, ambaye hakumjua sana kaka yake, kwa kuwa alikuwa mdogo mno wakati wa msiba. Alitaka gari lirudi barabarani. Zaidi ya hapo, alitaka lirudi likiwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Sharti la mama

Tulikuwa wanne katika kazi hiyo. Alikuwepo kijana mwenyewe, mzee mmoja fundi mstaafu aliyefanya kazi gereji tangu ujana wake, na binti wa jirani anayesomea ufundi wa magari VETA. Wa nne alikuwa padre wenu, ambaye wajibu wake mkubwa ulikuwa kushika taa, kuosha nati ndani ya beseni la dizeli, na kuandika katika daftari kila kilichofunguliwa na mahali kilipotoka.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hatujagusa spana, mama alitoka nje akasimama mbele yetu. Alimtazama padre, ingawa ilieleweka kwamba anasema na mwanawe.

“Baba,” alisema, “mimi mlio wa injini sitaki kuusikia hapa mpaka nimeliona hilo gari limesimama.”

Kijana alicheka kidogo. “Mama, si limesimama miaka yote hii?”

“Nasema lisimame likiwa linakwenda.”

Hakuna aliyecheka tena. Mama alirudi ndani, akatuacha na sharti hilo.

Halikuwa sharti jepesi. Fedha tulizokuwa nazo mwaka ule zilitosha upande mmoja tu, ama injini ama breki. Kijana hakuwa mkaidi, bali alikuwa na hoja zake. Injini iliyokaa muda mrefu, alisema, huzidi kuharibika kila siku inayopita, kwa sababu kutu huingia ndani ya silinda na ringi za pistoni hugandamana na kuta zake. Breki, kwa maoni yake, zingeweza kungoja, kwa kuwa gari lisilowaka halina pa kwenda. Alikuwa pia amepiga hesabu ya nguvu anayoitaka. Injini ya gari hili, iitwayo L24, ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, hivyo kufanya ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Yeye alitaka kuweka krenkishafti ya ndugu yake mkubwa, L28, yenye mwendo wa milimita 79, pamoja na pistoni za milimita 86. Ujazo ungefika 2,753, na juu yake angefunga kabureta tatu badala ya mbili.

Mzee fundi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa plagi zote 6, akamimina oili kidogo katika kila silinda, akafunga spana kwenye pua ya krenkishafti na kuizungusha kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili. “Injini itangoja,” alisema. “Tutaizungusha hivi kila Jumamosi. Twende kwenye magurudumu.”

Kile kinachoyafanya magari yashindwe kusimama

Wapendwa, wengi wetu tunapanda magari kila siku bila kujua kinachotendeka dereva anapokanyaga breki. Si vibaya tukajua. Mguu wa dereva unasukuma pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta silinda. Pistoni hiyo inayasukuma mafuta ya breki, nayo yanapita katika mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Huko yanazisukuma pistoni nyingine, nazo zinazibana pedi kwenye diski inayozunguka. Msuguano huo unageuza mwendo wa gari kuwa joto. Kusimamisha gari, kwa hiyo, ni kulichukua joto lote hilo na kulitoa hewani. Hesabu yake inatisha: mwendo ukiongezeka mara mbili, joto linalopaswa kutolewa huongezeka mara nne. Anayekwenda kilomita 100 kwa saa hana mzigo mara mbili ya yule wa kilomita 50, ana mzigo mara nne.

Tulipoifungua chupa ya mafuta ya breki ya Datsun, tulikuta yamekuwa ya kahawia kama chai iliyochemka mno. Binti wa VETA alitueleza sababu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kidogo kidogo, hata kama gari halitembei. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya kufikia nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Ya DOT 4 huanzia 230 na hushuka hadi 155. Katika mteremko mrefu, dereva anaposhikilia breki bila kutumia gia za kupunguza mwendo, joto hupanda. Maji yaliyomo ndani ya mafuta huchemka na kuwa mvuke. Mafuta hayashindiliki, lakini mvuke hushindilika. Basi mguu unazama hadi sakafuni na gari haliitikii.

Kijana aliacha kufuta mikono. “Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka?” aliuliza.

Hakuna aliyejua kwa hakika, wala hapakuwa na mtu wa kumlaumu pale uwanjani. Mzee fundi alisema tu, “Yawezekana, mwanangu.” Baada ya hapo suala la kuanza na injini halikuzungumzwa tena.

Kazi ya breki ilituchukua miezi saba. Vumbi la zamani hatukulipuliza kwa upepo, kwa maana breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo hudhuru mapafu. Tulililowesha kwanza, kisha tukalifuta kwa matambara na kuyafunga ndani ya mifuko. Kwa magurudumu ya mbele, kalipa za asili zenye pistoni mbili tulizibadilisha na zenye pistoni nne. Wala hatukuziagiza ng'ambo. Wenye magari haya waligundua zamani kwamba kalipa za Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, zinakaa mahali pake. Zetu zilitoka katika Hilux iliyomaliza maisha yake ikibeba mahindi. Tulizisafisha, tukaweka mipira mipya na pedi mpya. Kwa kuwa pistoni nne zinadai mafuta mengi zaidi, masta silinda ya asili ya milimita 22.2 tuliiondoa na kufunga ya milimita 23.8. Mabomba yote na hozi zote za mpira tulizibadilisha, hata zile zilizoonekana nzima kwa nje.

Nyuma tuliziacha ngoma za breki kama zilivyo, tukaweka breki shuu mpya na silinda mpya ndogo za magurudumu. Kijana alitaka diski za nyuma pia, kwa sababu zinapendeza. Fundi alimweleza kwamba breki za nyuma zikibana kuliko za mbele, gari linapofunga breki kwa nguvu mkia wake hutaka kutangulia, na dereva hujikuta ametazama alikotoka. Kila kitu kina kipimo chake.

Mguu wa mama

Ilibaki kazi ya kutoa upepo kwenye breki. Hii ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Mmoja hukaa kitini na kukanyaga breki. Mwingine hulala chini karibu na gurudumu, akiwa na spana na mrija, hufungua kijiti kidogo ili mafuta yatoke na mapovu yake, kisha hukifunga kabla mwenzake hajaachia. Mwenye mguu akiachia mapema, hewa huvutwa ndani na kazi hurudi mwanzo. Kwa desturi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumalizwa na lililo karibu.

Siku hiyo mama alikuwa ametuletea chai. Mzee fundi alimtazama, akasema, “Mama, hebu njoo utusaidie mguu.”

Alisita. Hakuwa amekaa ndani ya gari lile tangu msiba. Kisha akaweka birika chini, akaingia.

“Kanyaga, mama,” binti aliita kutoka chini ya gari. “Shikilia. Haya, achia. Kanyaga tena.”

Ilichukua karibu saa nzima. Mwanzoni kikanyagio kilizama bila ubishi wowote. Gurudumu hadi gurudumu kikaanza kukataa. Tulipomaliza la mwisho mama alikanyaga mara tatu peke yake bila kuambiwa, akatutazama. “Sasa kinagoma,” alisema.

Jumamosi iliyofuata tuliondoa vitu vyote kwenye njia ya kushukia getini. Kijana alikaa kwenye usukani, sisi watatu tukasukuma, na gari lisilo na plagi hata moja likaanza kuteremka polepole. Mama alisimama pembeni. Kijana alikanyaga breki na gari likasimama palepale, pua ikainama na kurudi juu. Tulilirudisha, tukalisukuma tena kwa kasi zaidi. Likasimama tena. Mara ya tatu mama alisema, “Basi. Nimeona.” Kisha akamwambia mwanawe, “Sasa fungueni hiyo injini yenu.”

Fadhila ya kiasi

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1809, inaitaja kiasi kuwa fadhila inayoratibu mvuto wa vitu vya anasa na kuipa nia yetu utawala juu ya tamaa za maumbile. Wengi tunaposikia neno hilo tunafikiria chakula na pombe tu. Lakini namba 2290 inakwenda hadi barabarani. Inafundisha kwamba wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine, iwe barabarani, baharini au angani, wanajitwika hatia nzito. Tunawasihi ndugu zetu madereva wa daladala, wa malori na wa bodaboda, na sisi wenye magari ya binafsi, tulisome fundisho hilo kwa makini. Mwendo wa kasi si kosa la trafiki peke yake. Ni jambo la kupeleka kwenye kiti cha maungamo.

Hata hivyo tungependa kuongeza neno moja tulilojifunza uwanjani. Kuna wanaodhani kwamba kiasi ni fadhila ya waoga, na kwamba Kanisa linawataka watu wawe na injini ndogo. Sivyo. Dereva asiyeziamini breki zake huendesha kwa hofu hata kwenye barabara iliyonyooka. Ni yule anayejua kwamba ataweza kusimama ndiye anayethubutu kuondoka. Mungu ndiye aliyetupa nguvu zetu: akili, hasira ya haki, mvuto wa ujana, uwezo wa kutafuta mali, ufasaha wa ulimi. Hakutupa ili tuzifunike turubai. Lakini mtu anayeongeza nguvu kila mwaka na hajawahi kujiuliza kama anaweza kusimama, huyo ni hatari kwanza kwa wale waliokaa karibu naye, mke wake, watoto wake, abiria wake.

Injini

Mwaka wa pili tuliifungua injini. Bwana wetu, katika Luka 14, anamtaja mjenzi anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kuanza mnara. Ufundi wa injini nyumbani ni kuketi na kuhesabu kwa miezi. Tulipima kila silinda juu, katikati na chini, na kwa pande mbili, kwa maana silinda hailiki sawasawa. Sehemu ya juu, ambako moto ni mkali na oili ni chache, ndiyo huchakaa zaidi. Tulipima shingo za krenkishafti zinazokaa ndani ya beringi. Kila kifuniko cha beringi tulikitia alama ili kirudi mahali pake na kwa upande wake. Kila pistoni na kila valvu vilifungwa ndani ya mfuko wenye namba.

Ilipofika siku ya kupeleka bloku karakana ya kukereza ili silinda zipanuliwe, kijana alitakiwa kusema kipimo anachotaka. Sisi wengine tulikuwa tumeahidiana kutomshauri, kwa kuwa gari ni lake na hesabu zake za mwaka uliopita tulizijua. Alisema, “Milimita 84.”

Mzee fundi alimuuliza kama amesahau ile krenkishafti ya L28.

“Sijasahau, Mzee. Hizi za 84 zinatosha.”

Kwa kipimo hicho ujazo umekuwa takriban sentimita za ujazo 2,451, ongezeko la 58 tu juu ya ule wa kiwandani. Kabureta zake mbili za Hitachi zilibaki, zikiwa zimesafishwa na kusawazishwa ili zote zivute hewa sawa. Ni nyongeza ndogo. Hatukuiona kuwa ndogo.

Tuliifunga injini upya kwa usafi wa sakristia. Chembe moja ya mchanga katika njia ya oili inaweza kuikwaruza beringi mpya, kwa hiyo tuliosha njia zote kwa brashi nyembamba, tukapuliza, tukaosha tena. Ringi za pistoni tulizipanga ili midomo yake isielekee upande mmoja. Boliti za silinda hedi tulizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kutumia toki renchi, maana anayekaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine huipinda hedi bila kujua. Nafasi za valvu tulizipima injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea, unene wa karatasi mbili au zaidi kidogo. Waya za plagi tulizipanga kwa zamu ya 1, 5, 3, 6, 2, 4. Silinda hizo haziungui zote kwa pamoja wala kwa mfuatano wa kukaa kwake, na kwa zamu hiyo injini hutulia.

Kabla ya kuiwasha, tuliizungusha kwa stata bila plagi hadi geji ya oili ilipopanda. Ndipo plagi zikarudishwa. Ilikohoa mara mbili, ikawaka. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni. Aliusikiliza mlio ule muda mrefu bila kusema neno, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akarudi kwenye sufuria yake. Yeye ndiye aliyekuwa ameukataza, naye ndiye aliyeuruhusu.

Baraka na breki

Wapendwa, mara nyingi tunaletewa magari na pikipiki kubarikiwa, hasa karibu na tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Ni desturi njema, na tunaipenda. Lakini tunayaona pia matairi yaliyokwisha meno. Tunasikia breki zinazopiga kelele ya chuma kwa chuma, na tunaombwa kunyunyizia maji ya baraka juu ya hayo yote. Baraka ya Kanisa ni sala, si kipuri. Haichukui nafasi ya pedi mpya. Anayeomba ulinzi wa Mungu huku akikataa kufanya lililo katika uwezo wake, huyo anamjaribu Mungu, na Bwana wetu mwenyewe alilikataa jaribu hilo alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha Hekalu.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Huduma za Kichungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasio na Makazi Maalumu lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa madereva. Amri ya kwanza ni ile ile ya Sinai inayokataza kuua. Nyingine inatuonya tusiligeuze gari kuwa njia ya kuonyesha mabavu na kuwatawala wengine, wala nafasi ya kutenda dhambi. Baadhi ya watu walitabasamu waliposikia Kanisa linazungumza juu ya magari. Mama yule hakutabasamu tulipomsomea. Alisema, “Wangeiandika mapema.”

Datsun lililetwa kanisani kubarikiwa mwezi huu wa Novemba, baada ya Misa ya pili. Kijana alikuja na daftari letu la kazi, akaliweka juu ya kiti cha dereva ili nalo lipate baraka. Baada ya sala mama alipanda upande wa abiria, akafunga mkanda, akamwambia mwanawe, “Twende kwa kaka yako.” Walikwenda makaburini polepole, kwa sababu injini mpya haitakiwi kulazimishwa katika kilomita 1,000 za kwanza, na pia kwa sababu hapakuwa na haja ya haraka.

Tunawaomba basi mambo matatu. Kwanza, kila mwenye chombo cha moto akaguliwe breki zake kabla ya Noeli, na mafuta ya breki yabadilishwe kama yamepita miaka miwili. Pili, kila abiria ajue kwamba ana haki na wajibu wa kumwambia dereva apunguze mwendo, kwa heshima lakini bila woga. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Tatu, Dominika ijayo mlete majina ya ndugu zenu waliofia barabarani. Tutayasoma yote wakati wa sala za waamini, hata kama Misa itachelewa kwisha, na baada ya Misa tutavibariki vyombo vyenu. Lakini piteni kwa fundi kwanza.

Mungu awajalie marehemu wetu pumziko jema, awafariji wanaowalilia, na awalinde wote walio njiani.

Wenu katika Kristo,
Paroko